Patente ya Nguzo Sitini na Mbili

Damu ya Masumbuko ilikuwa na siku tatu kwenye sakafu ya gereji, na mjane wake Leya alikuwa amekataa katakata isioshwe mpaka aliyeimwaga ajulikane. Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni, kitenge kimemkaa vibaya mabegani, akamtazama mpelelezi Nyirangabo akichuchumaa kando ya doa lile. Yeye ndiye aliyemkodi. Polisi wa Louisville walikuwa wakimkodolea macho kaka yake, Jean Bosco, na Leya hakuwa tayari kuzika mume Jumatatu na kufungiwa kaka Jumanne.

"Vitu vyake wamerudisha jana," alisema. "Biko humu, mu sachet ya plastiki."

Nyirangabo alivimwaga juu ya meza ya vifaa: saa, funguo, kitambulisho cha ghala alikofanya kazi marehemu, pochi. Ndani ya pochi noti zote zilikuwamo. Basi huyo alikuwa mwizi wa namna gani? Kumpiga mtu kwa nyundo mpaka fuvu likaingia ndani, kumvunja vidole kimoja kimoja, kisha kuziacha pesa palepale! Hakuja kuiba pesa. Alikuja na swali.

"Risiti zake aliweka wapi?"

"Humo humo. Alikuwaka anachunga zote, hata ya mafuta ya gari. Ni ugonjwa ya familia yao."

Zilikuwamo kweli, zimekunjwa kwa mpangilio wa tarehe. Nyirangabo alizipitia kwa kidole. Jumatatu, mafuta. Jumanne, unga wa muhogo. Alhamisi hakuifikia, maskini. Jumatano haikuwa na kitu.

"Jumatano mchana uliniambia alipita posta."

"Ndiyo. Alituma ile karatasi kwa dada yake Emérence, kule Buffalo." Leya alianza kuelewa, na uso wake ukabadilika. "Risiti haiko?"

"Haimo. Na risiti ya posta ina namba ya kufuatilia. Mwenye nayo anajua kifurushi kitafika mji gani, siku gani. Kilitumwa Jumatano, Leya. Kitafika leo."

Karatasi yenyewe ilitoka ukutani. Wiki mbili kabla, Masumbuko na Jean Bosco walikuwa wakibomoa nyumba kuukuu upande wa Iroquois, kibarua cha wikendi, wakakuta sanduku la bati kati ya mbao. Ndani mlikuwa na karatasi nene yenye muhuri. Jumatatu Masumbuko alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu kumi na tisa waliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo. Nyirangabo alikuwa ameusikiliza mara thelathini: "Ndugu zangu, nimeokota patente ya simu! Ya mwaka elfu moja mia nane tisini na saba! Na kashe yake juu, muhuri mzima!" Kisha kicheko kirefu. Jumatano jioni aliyecheka alikuwa maiti.

Alimpigia Emérence. Simu iliita mpaka ikakatika.

"Eko ku kazi, anachungaka wazee," Leya alisema. "Simu wanafungia mu kabati mpaka saa kumi. Nyirangabo, asimuue na yeye. Nakuomba. Dada zake, Agata na Emérence, njo wanabaki mu ile familia."

Nyirangabo aliwapigia polisi wa Buffalo huku akikimbilia gari. Walimsikiliza vizuri, wakachukua anwani, wakaahidi kutuma doria. Kutoka Louisville mpaka Buffalo ni mwendo wa saa nane na ushee. Alikuwa na kituo kimoja cha kupita, tena cha haraka.

Jean Bosco alikuwa kwenye duka la matairi, South End, akifungua nati za lori. Mafundo ya vidole vya mkono wake wa kulia yalikuwa yamechubuka. Alipomwona mpelelezi anaingia, hakungoja salamu. Alirusha spana. Ilipita karibu na sikio la Nyirangabo, ikagonga rundo la rimu, na kelele yake ikawatoa wateja wawili nje.

"Sikumuua!" alifoka, akamvamia na kumshika ukosi. "Polisi wameniuliza mara mbili, na wewe tena unakuja!"

Nyirangabo alikuwa mfupi, lakini alishawahi kuwatuliza wagonjwa wa akili waliomzidi kimo. Alikamata kidole gumba cha Jean Bosco, akakipinda nyuma mpaka jitu lile likapiga goti.

"Mlipigana siku ya kubomoa. Mlipigania nini?"

"Sanduku! Aaa, acha! Ile bati ilikuwa muzuri. Nilitaka kuwekamo misumari. Nikamupiga ngumi, akanipiga, bon, tukaenda kula pamoja. Hii mikono nimeumiza juzi ku lori. Uliza boss."

"Na karatasi? Hukutaka sehemu yako ya hataza ya simu?"

"Ya nini?"

"Hataza. Haki ya mvumbuzi. Mtu akigundua mtambo, serikali inampa hati kwamba ni wake. Masumbuko mwenyewe alisema, patente."

Jean Bosco alimtazama kutoka pale chini. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, machozi yakimtiririka.

"Dada, wewe ulikomalia wapi?"

"Nyarugusu, kambini. Nilitoka Minembwe mgongoni mwa mama."

"Njo maana! Mu kambi Leta, ile serikali, haikukuja kuwasumbua ku soko. Mama yangu aliuzishaka maharagi ku soko ya Kadutu miaka kumi na mbili. Kila mwaka mutu wa Leta anakuja: mama, patente iko wapi? Unalipa, anakupatia kakaratasi na kashe. Hauna? Anabeba maharagi. Donc, patente ni leseni! Ni taxe, kodi! Ile kampuni ilikuwa kadogo, ya mashambani, walisimamisha miti yao na waya, Leta ya hapa ikawaambia, mulipe. Wakalipa, wakapewa patente. Masumbuko alicheka juu ya hiyo. Hata Wazungu walikuwaka wanafukuzwa na Leta kama mama zetu!" Alipangusa uso kwa mkono wenye grisi. "Patente ya mwaka moja, tena ilishaisha zamani. Nani anaua mutu juu ya hiyo?"

Nyirangabo alimwachia kidole. Aliona aibu, na alistahili. Siku mbili nzima alikuwa amewasumbua wanasheria na wanunuzi wa vitu vya kale, akiuliza hati ya uvumbuzi wa simu inauzwaje, kwa sababu masikio yake ya ofisini yalisikia "patente" yakaandika neno la Kiingereza, "patent". Kumbe mtu alikuwa anacheka leseni.

Lakini kosa lake lilimpa jibu. Nani atamuua mtu kwa leseni iliyokwisha muda? Hakuna. Nani atamuua mtu kwa uvumbuzi wa simu? Wengi. Basi muuaji alikosea palepale alipokosea yeye. Hakuwa mtu mzima aliyewahi kuuza hata nyanya kule kwao. Alikuwa mtu anayesikia Kiswahili nyumbani na kufikiri kwa Kiingereza, tena alikuwa ndani ya lile kundi la ukoo.

"Nipe simu yako," alimwambia Jean Bosco.

Chini ya ujumbe wa Masumbuko wazee walikuwa wamejaza vicheko. Mmoja aliuliza kama amelipa na ya mwaka huu. Katikati ya vicheko hivyo palikuwa na ujumbe mmoja uliofutwa na mwenyewe.

"Namba hii ni ya nani?"

"Ya Bagula. Mutoto wa Agata, kule Gahanna. Alifika huku na miaka tano." Jean Bosco aliinama kuokota spana. "Alituita Alhamisi, analia ku simu. Anatupa pole."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimetoa na rambirambi.

Saa tano na nusu asubuhi Nyirangabo alibisha mlango wa fleti ya Agata, kitongoji cha Gahanna, kaskazini mashariki mwa Columbus, mahali ambapo ndege hushuka chini kiasi kwamba watu husita katikati ya sentensi na kuendelea bila kuomba radhi. Agata alikuwa dada mkubwa wa Masumbuko. Alikuwa anasonga ugali, mwiko mkononi, macho yamevimba kwa kilio cha siku tatu.

"Karibu, mama. Umekuja juu ya matanga?"

"Nimekuja kumwona Bagula."

"Ametoka. Banamuita ku eropoti, anapakiaka mizigo."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na kitu."

"Jumatano alikuwa kazini?"

Agata aligeuza ugali. "Jumatano alipumzika. Alienda kutembea na gari."

Kutembea, mwendo wa saa tatu na nusu mpaka Louisville na saa tatu na nusu kurudi. Nyirangabo alitazama huku na huku. Kwenye kibaraza kidogo viatu vya kazi vilikuwa vimeanikwa, vimesuguliwa mpaka ngozi imepauka, na kando yake ndoo yenye shati ndani. Maji ya ndoo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

"Nani alisugua viatu?"

"Mimi. Pua ilimutoka damu. Toka utoto, hewa ikikauka, pua inatoka damu."

"Mpaka kwenye soli?"

Agata aliugeukia tena ugali. Ndege ilipita, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Alikuuliza kuhusu Emérence?"

"Aliomba adresi yake mupya. Jana. Emérence alihama. Alisema anataka kumutumia maua." Sauti yake ilianza kupanda. "Ni mama yake mudogo! Ni mubaya kumupa adresi ya mama yake mudogo?"

"Na ile patente, alikwambia nini?"

"Alikuja Jumatatu anaruka ruka. Mama, tutakuwa matajiri, uncle amepata patent ya simu, ile ya kwanza, makampuni yote yatatulipa. Nikamuambia, mwanangu, patente ni kitu ya soko, babu yako alikuwaka anaikusanya ku Walungu. Akaniambia, Mama, you don't understand English." Aliukandamiza ugali kwa mwiko. "Nikanyamaza. Ni kweli, sielewake."

Nyirangabo hakuwa na namna ya kulisema polepole. "Mama Agata, risiti ya posta ilitolewa mfukoni mwa Masumbuko na mtu aliyemuua. Inaonyesha Buffalo. Anwani umeitoa wewe jana."

Mwiko ulimfikia kabla hajaona mkono ukinyanyuka. Ulimpiga shavuni, wa moto, ugali ukaganda kwenye ngozi. Pigo la pili lilipasua nyusi. Agata alikuwa anapiga kwa nguvu zote za mwanamke aliyetwanga mihogo miaka arobaini, na alikuwa anapiga kelele kwa Kishi, lugha ya kwao. Nyirangabo alijikinga kwa kiwiko, akarudi nyuma mpaka ukutani, hakurudisha hata pigo moja. Pigo la tano mwiko ulivunjika. Agata alibaki ameshika kipande.

"Nilifua hiyo shati mara tatu," alisema. "Damu ya kaka yangu. Nilikuwa naisugua na mikono yangu."

Aliketi sakafuni. Ugali ulianza kuungua na hakuna aliyeuzima moto. Kisha Agata akainua kichwa.

"Unakaa hapa unafanya nini? Kimbia! Emérence njo mimi nabaki naye. Kimbia!"

Nyirangabo aliendesha akiwa na leso iliyofungwa kwenye nyusi, mguu hauondoki kwenye mafuta. Cleveland ikapita, ziwa likaonekana kushoto likapotea. Aliwapigia tena polisi wa Buffalo, akawapa jina la Bagula na rangi ya gari lake kama Agata alivyomtajia. Walimwambia doria ilipita saa nane, nyumba ilikuwa imefungwa, hamna mtu, itarudi. Ilikuwa kweli, Emérence alikuwa bado kazini. Saa kumi na dakika kumi alimpigia Emérence. Saa kumi na ishirini. Saa kumi na nusu simu ilipokelewa, ikasikika pumzi, ikakatwa.

Aliita dharura mara ya tatu, na safari hii alipiga kelele.

Nyumba ilikuwa ya mbao, ghorofa mbili, Emérence akikaa juu. Gari la Bagula lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa, magurudumu sambamba na ukingo. Ving'ora vilisikika lakini mbali. Kutoka juu ukaja mlio wa nyundo ukifuatwa na mlio wa mtu. Nyirangabo hakungoja. Alipanda ngazi mbili mbili na kuupiga mlango bega.

Emérence alikuwa mezani, bado na sare ya kazi, mkono wa kushoto umebanwa juu ya ubao kwa goti la mpwa wake. Vidole viwili vilikuwa vimeelekea kusikofaa. Bahasha ilikuwa imekwisha kuchanwa, karatasi iko wazi kando ya sahani. Bagula, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mabega ya mpakiaji, alikuwa ameinua nyundo kwa pigo la tatu.

"Iko wapi ingine?" alikuwa akipiga kelele. "Where's the real one? Hii si yenyewe!"

Nyirangabo alimrukia mgongoni. Walianguka pamoja, meza ikapinduka, sahani zikavunjika. Alimng'ata sikio mpaka akaonja chumvi. Bagula alijipinda, akamtupa, akashusha nyundo. Ilimkuta Nyirangabo kwenye mfupa wa bega, na mfupa ukalia. Mkono wake ukafa papo hapo. Alimwona akiinua tena nyundo, safari hii akilenga kichwa.

"Bagula!" Emérence aliita. "Soma!"

Alikuwa amepiga magoti katikati ya vipande vya sahani, karatasi ameishika kwa mkono mzima, ameinyoosha mbele ya uso wa kijana.

"Nimeshasoma!"

"Soma na sauti. Wewe njo ulisoma shule, sisi hatukusoma. Soma!"

Haijulikani ni nini kilichomfanya atii. Labda ni ile sauti, maana ndiyo iliyomwogesha na kumlisha kambini. Bagula alisoma, nyundo ikiwa bado juu, Kiingereza cha makarani wa zamani kikimkwama. Kampuni ya Simu ya Cane Fork. Waya mmoja, nguzo sitini na mbili, ubao mmoja wa kuunganishia simu ndani ya duka la unga. Imelipa kodi ya kila nguzo. Imeruhusiwa kufanya kazi mpaka tarehe thelathini na moja Desemba, 1897. Sahihi ya karani wa kaunti.

"Juu wameandika nini? Kile kichwa kikubwa?" Emérence aliuliza.

"License."

"Kwa Kiswahili?"

Bagula aliitazama tena karatasi. Neno hilo kwa Kiswahili hakulijua.

"Patente," Emérence alisema. "Njo hiyo. Hakuna ingine. Kaka aliituma kwangu juu ya Papa yetu, alikusanyaka patente maisha yake yote, watu wanamutukana. Alitaka niitie mu kioo ku ukuta, nione hata huku walilipaka. Njo yote, Bagula. Imeisha."

"Hapana." Aligeukia Nyirangabo, kana kwamba mtu aliyemvunja bega angemtetea. "Patent. The inventor. Si ndiyo?"

"Na mimi nilifikiri hivyo," Nyirangabo alisema kutoka sakafuni, akihema. "Siku mbili. Nilikosea kama wewe. Mimi niliuliza."

Nyundo ilishuka yenyewe, ikagonga mbao za sakafu. Viatu vya polisi vilikuwa vimeshafika kwenye ngazi. Bagula hakukimbia. Alikuwa anatazama karatasi, midomo ikicheza, na rangi ikimtoka usoni. Walipoingia na bastola mkononi wakamlaza kifudifudi kwenye vipande vya sahani, shavu likachanika, na hakuonekana kulihisi. Mmoja alimfunga pingu. Mwingine alimwinua Emérence, akamkalisha kitini, akamwambia asiusogeze mkono. Hakusikia.

"Auntie," Bagula alisema, mdomo umebanwa sakafuni. "Nilimuuliza. Nilimuuliza uncle, ni nini hii kitu umepata? Akasema, patente. Nikamupiga, nikauliza tena. Akasema, mutoto wangu, acha, ni patente tu. Kila mara, patente, patente tu. Nilifikiri anakubali. Nilifikiri anaficha tu mahali kwenye iko. Auntie, nilifikiri anakubali!"

Polisi walimnyanyua, na Emérence akanyanyuka pamoja naye, mkono uliovunjika ameukumbatia kifuani. Alimsogelea mtoto wa dada yake mpaka wakatazamana. Nyirangabo alidhani atamtemea mate.

"Hakukuwa anakubali," Emérence alisema. "Alikuwa anakuomba."